Mzigo Mmoja, Mikono Mingi: Historia ya Mizigo ya Wasafiri Kutoka Reli ya Kibombo Hadi Ndege za Kuunganisha

Mtu anayetoka Kibombo kwenda kumwona ndugu yake Bruxelles hawezi kufika kwa kampuni moja ya ndege, hata awe na pesa kiasi gani. Mwezi Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulitangaza orodha yake ya kwanza ya makampuni yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama. Makampuni ya Kongo yaliingia humo tangu siku hiyo, kwanza karibu yote, baadaye yote. Kampuni ya Kongo inaweza kumtoa msafiri Kindu na kumfikisha Kinshasa. Kutoka Kinshasa ni lazima apande ndege ya kampuni ya kigeni. Basi mzigo wake utabadilisha mikono angalau mara moja, na mara nyingi mara mbili au tatu.

Hapo maswali yanaanza. Kilo zinazohesabiwa ni zile za kampuni ya Kindu au zile za kampuni ya Ulaya? Sanduku lisipoonekana, nani ajibu: aliyelipokea Kindu, aliyelibeba usiku juu ya Sahara, au aliyepaswa kulitoa mwisho wa safari? Kwa familia zilizotawanywa na vita maswali haya ni mazito, kwa sababu sanduku moja mara nyingi limebeba kila kitu kilichookolewa nyumbani.

Maswali yenyewe si mapya. Watu wa Maniema wamekuwa wakisafirisha mizigo kwa mikono mingi kwa zaidi ya miaka 150, na kila enzi ilijibu kwa namna yake. Ukifuata majibu hayo moja baada ya jingine, sheria za leo za ndege zinaeleweka kwa urahisi zaidi.

Wakati wa wapagazi

Katika miaka ya 1870 Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vikubwa vya biashara kwenye mto Lualaba. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Stanley mwaka 1876, na Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Pembe za ndovu zilitoka huku kwenda pwani, na nguo, shanga na bunduki zilikuja kutoka pwani. Safari ilikuwa ya miguu hadi ziwa Tanganyika, kisha mashua hadi Ujiji, kisha miguu tena kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na mwisho jahazi hadi Unguja.

Kipimo cha mzigo kilikuwa frasila, yaani takriban kilo 16. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, kati ya kilo 30 na 35. Inafaa kukumbuka hesabu hiyo, kwa sababu leo viwanja vingi vya ndege duniani vinakataa sanduku moja linalozidi kilo 32, hata kama mwenyewe yuko tayari kulipa. Sababu ni ileile ya zamani: kuna mtu atakayeliinua kwa mikono yake na mgongo wake.

Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walifanya kazi kwa ujira. Lakini watu wengi wa Maniema walibebeshwa mizigo kwa nguvu, wakiwa watumwa, na wengi hawakurudi. Habari hiyo haifai kusahauliwa wakati wa kusimulia historia ya usafirishaji katika jimbo hili.

Katika msafara, kila kundi la wapagazi lilikuwa na mkubwa wake, nyampara. Mzigo ukikosekana jioni, nyampara ndiye aliyeulizwa kwanza. Hakukuwa na karatasi ya kumpa mwenye mali; kulikuwa na mtu tu, na jina lake. Kwa hiyo msafara ulipovunjika njiani, au mpagazi alipotoroka upande wa pili wa ziwa, mwenye mali hakuwa na mlango wa kubisha.

Reli, meli, reli tena

Mwaka 1902 kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliundwa kwa mtaji wa tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain. Kazi yake ilikuwa kupita mahali ambapo mto Lualaba haupitiki kwa sababu ya maporomoko. Matokeo yake yalikuwa njia iliyokatwa vipande. Kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, treni ilikwenda hadi Ponthierville, yaani Ubundu, kilomita 125, kuanzia mwaka 1906. Kutoka Ubundu msafiri alipanda meli hadi Kindu. Kutoka Kindu treni nyingine ilikwenda kusini kupitia Kibombo hadi Kongolo, kilomita 355, kuanzia mwaka 1911. Kongolo meli tena hadi Kabalo. Kabalo treni ya tatu, iliyomalizika mwaka 1915, ikaenda hadi Albertville, yaani Kalemie, kwenye ziwa.

Msafiri wa Kibombo aliyetaka kufika Dar es Salaam alipanda treni, meli, treni, meli ya ziwa, na mwisho treni ya Tanganyika, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Vyombo vitano, na mzigo uliinuliwa na kushushwa kila mahali.

Lakini tazama tofauti na wakati wa wapagazi. Kutoka Kindu hadi Albertville, treni na meli zilikuwa za kampuni moja. Mzigo uliposhushwa Kongolo na kupakiwa melini, haukutoka mkononi mwa CFL. Mwenye mali alikuwa na mtu mmoja wa kumdai. Shida ilianza ziwani, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na nchi nyingine, reli nyingine na forodha nyingine.

Shida hiyo ilitafutiwa dawa kwa mkataba. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Ubelgiji ipewe sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Watu waliziita Belbase. Bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi zilipita humo bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Mzigo uliotoka ng'ambo kwa jina la Kongo ulibaki mzigo wa Kongo njia nzima, ingawa ulibebwa na treni ya Waingereza.

Mfano mwingine ni wa upana wa reli. Reli za CFL zilikuwa na upana wa mita 1, na reli ya Katanga mita 1.067. Ilipokusudiwa kuziunganisha, reli ya CFL ilipanuliwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Tayari mwaka 1939 Kongolo ilikuwa imeunganishwa na Kabalo kwa reli. Tangu hapo behewa lililofungwa Kindu liliweza kufika Lubumbashi bila kufunguliwa njiani. Mwaka 1974 serikali ilikusanya kampuni hizo za reli chini ya shirika moja la taifa, ambalo leo ni SNCC.

Historia ya reli inaonyesha mambo mawili. Mzigo unakwenda vizuri pale mbebaji ni mmoja, au pale wabebaji wawili wamepatana kabla mzigo haujafika kwenye mpaka wao. Pale hawakupatana, mwenye mzigo ndiye anayegeuka mpagazi.

Karatasi yenye nusu mbili

Mapatano hayo yalihitaji kitu cha kuyashika mkononi. Tarehe 5 Juni 1882 John Michael Lyons, mtu wa Moncton nchini Kanada, alipata hataza ya tiketi ya mizigo inayokatika vipande viwili. Juu yake kulikuwa na stesheni ya kuanzia, stesheni ya mwisho na namba. Kipande kimoja kilifungwa kwenye sanduku, kingine alipewa msafiri. Namba zote mbili zilikuwa sawa.

Makampuni ya ndege yalirithi mfumo huo kutoka kwa reli. Karatasi ndogo ambayo leo mtu wa kaunta anaibandika nyuma ya tiketi au ya pasipoti ni kile kipande cha pili cha Lyons. Wengine wanaitupa kabla hata ya kupanda ndege. Huko ni kutupa ushahidi pekee kwamba mzigo ulipokelewa.

Ndege zafika Kongo

Kongo iliona ndege za abiria mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1920 laini iliyoitwa kwa jina la Mfalme Albert ilianza kuruka kwa ndege za majini kufuata mto kutoka Léopoldville, na mwaka 1921 ikafika Stanleyville. Ilifungwa mwaka 1922. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry alitoka Bruxelles tarehe 12 Februari na kufika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51. Kampuni ya Sabena, iliyoanzishwa mwaka 1923, ilianza safari za kudumu kati ya Ubelgiji na Kongo mwaka 1935.

Sabena ilikuwa na safari za ndani ya koloni na safari za Ulaya pia. Baada ya uhuru, Air Congo iliundwa mwaka 1961, ikawa Air Zaïre mwaka 1971, nayo ilikuwa na safari za ndani na za nje. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi ilikuwepo kampuni moja yenye uwezo wa kupokea sanduku ndani ya nchi na kulifikisha Ulaya kwa jina lake. Ucheleweshaji ulikuwepo, na wazee wanaukumbuka vizuri sana. Lakini wa kudaiwa alikuwa mmoja.

Air Zaïre ilifilisika mwaka 1995. Makampuni madogo ya watu binafsi yalichukua safari za ndani, mengine yakadumu, mengine yakafa. Mwaka 2015 Congo Airways, kampuni ya serikali, ilianza kuruka. Lakini orodha ya Ulaya ya 2006 ilikuwa imekwisha kukata njia katikati: ndani ya nchi upande mmoja, Ulaya upande mwingine, na Kinshasa kama Kongolo ya zamani, mahali pa kushusha na kupakia upya.

Varsovie na Montréal

Wanasheria wa dunia walikuwa wameona shida hii mapema. Tarehe 12 Oktoba 1929 mkataba ulitiwa sahihi Varsovie, Polandi, kuhusu wajibu wa makampuni ya ndege. Uliagiza msafiri apewe hati ya mzigo aliokabidhi, na ukaweka fidia isiyozidi franka 250 za dhahabu kwa kila kilo.

Kifungu cha 30 cha mkataba huo kilihusu hasa safari ya kampuni zaidi ya moja. Mkataba ulisema kwamba ikiwa wahusika waliichukulia safari kuwa ni moja, basi kwa sheria ni safari moja, hata kama wabebaji ni watatu. Na kwa upande wa mizigo, msafiri anaweza kudai kwa kampuni ya kwanza, au kwa kampuni ya mwisho, au kwa ile iliyokuwa na mzigo wakati ulipopotea au kuharibika. Msafiri halazimiki kuchunguza mzigo ulipotelea kiwanja gani. Makampuni yenyewe ndiyo yatakayogawana lawama baadaye.

Kanuni hiyo ilihifadhiwa katika mkataba mpya wa Montréal wa tarehe 28 Mei 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Leo iko katika kifungu cha 36. Kongo ni kati ya nchi zilizouridhia. Mkataba huu haupimi tena fidia kwa kilo. Unaweka kikomo kimoja kwa kila msafiri, kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani, FMI, kinachoitwa DTS. Mwanzoni kilikuwa DTS 1,000. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni DTS 1,519, takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo cha juu. Msafiri bado anapaswa kuonyesha thamani ya vitu vyake.

Tarehe za kushika kichwani ni tatu. Mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Mzigo uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipotolewa. Usipofika kabisa baada ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika, unaweza kuhesabiwa kuwa umepotea. Kesi mahakamani ifunguliwe kabla ya miaka 2 kupita.

Makampuni yanavyopatana

Mkataba unasema nani ajibu. Hausemi kilo ngapi. Jambo hilo liliachiwa makampuni.

Mwezi Aprili 1945 makampuni ya ndege yalikutana Havana, Kuba, yakaunda chama cha IATA cha leo. Mwaka 1947 chama kilianzisha ofisi ya kulipana: kampuni iliyouza tiketi inamlipa mwenzake aliyebeba sehemu ya safari. Juu ya msingi huo yalijengwa mapatano ya kupokeana abiria na mizigo. Kampuni ya kwanza inabandika etiketi yenye namba ya tarakimu 10 na herufi tatu za kiwanja cha mwisho, na kampuni zinazofuata zinaikubali. Kindu ni KND, Kinshasa ni FIH, Bruxelles ni BRU.

Ugumu ulikuja kwa sababu kila kampuni ina desturi yake. Nyingine zinapima kilo zote pamoja, kwa mfano kilo 20 au 30 kwa mtu. Nyingine zinahesabu vipande, kwa mfano sanduku mbili za kilo 23 kila moja. Msafiri mwenye sanduku mbili halali mwanzo wa safari alijikuta mkosaji katikati yake.

Mwaka 2011 IATA iliweka kanuni ya kutafuta kampuni yenye uzito zaidi katika safari, na desturi ya kampuni hiyo ndiyo itumike njia nzima. Dunia imegawanywa katika kanda tatu: Amerika, Ulaya pamoja na Afrika na Mashariki ya Kati, na Asia pamoja na Pasifiki. Kampuni inayovusha msafiri kutoka kanda moja kwenda nyingine ndiyo yenye uzito. Kama safari haitoki nje ya kanda, inatazamwa ile inayovuka kutoka sehemu moja ya kanda kwenda sehemu nyingine, kwa mfano kutoka Afrika kwenda Ulaya. Na kama hata hilo halipo, inatazamwa ile inayovuka mpaka wa nchi.

Kwa msafiri wa Kindu, Kinshasa, Bruxelles, jibu ni wazi: kampuni inayotoka Kinshasa kwenda Ulaya. Kwa anayeendelea hadi Marekani, sheria ya serikali ya Marekani iliyotolewa mwaka huohuo wa 2011 inakwenda mbali zaidi. Inaamuru kwamba kipimo na malipo yaliyotumika mwanzo wa safari yatumike hadi mwisho, ikiwa safari inaanzia au kuishia Marekani. Kanada ilifuata njia kama hiyo kuanzia Aprili 2015.

Tiketi moja au mbili

Yote hayo yanasimama juu ya neno moja dogo: tiketi. Kanuni ya IATA, sheria ya Marekani na kifungu cha 36 cha Montréal vinahusu safari iliyochukuliwa kuwa moja. Mtu aliyenunua Kindu hadi Kinshasa kwa wakala mmoja, na Kinshasa hadi Bruxelles kwa wakala mwingine, kwa kawaida ana safari mbili zilizofuatana tu.

Tofauti yake ni kubwa. Kwa tiketi moja kutoka Kindu hadi Bruxelles, hata kile kipande cha Kindu hadi Kinshasa kinahesabiwa kuwa sehemu ya safari ya kimataifa, na mkataba wa Montréal unakifunika. Kwa tiketi mbili, kipande hicho ni safari ya ndani, chini ya sheria ya Kongo ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010 na masharti ya kampuni yenyewe. Etiketi ya Kindu itaandikwa FIH na kazi yake itaishia hapo. Msafiri atatoka na mzigo wake N'djili, ataupanga mstari upya, utapimwa upya, na kama ndege ya kwanza ilichelewa, kampuni ya pili haina deni naye.

Chukua mfano wa mama anayerudi kutoka Bruxelles kuzika, akiwa na sanduku mbili za kilo 23. Jumla ni kilo 46, na kampuni ya Ulaya imeridhika. Ikiwa tiketi yake ya Kinshasa hadi Kindu ni ya peke yake na inaruhusu kilo 20, atakuta ana kilo 26 za kulipia N'djili, kwa bei ya kila kilo. Hakuna aliyemdanganya. Amefunga mikataba miwili, na kila mmoja una mizani yake.

Hata tiketi moja ina mambo ya kuangalia. Anayeingia Marekani kwa kawaida lazima achukue mzigo wake kwenye kiwanja cha kwanza cha nchi hiyo, aupitishe forodha na kuukabidhi tena, hata kama etiketi inaonyesha mji wa mbele. Watu wengi wamefika Dayton au Dallas mikono mitupu kwa kutolijua hilo. Pia jina la kampuni lililoandikwa kwenye tiketi linaweza kuwa tofauti na jina lililochorwa kwenye ndege, kwa sababu makampuni huuziana nafasi. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa kampuni iliyouza kwa jina lake au kwa ile iliyoruka.

Vita na karatasi za mkononi

Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 reli ya Kindu ilisimama na barabara zikafungwa. Kilichobaki kilikuwa ndege kwa wachache, na baiskeli kwa wengi: wanaume waliosukuma chumvi, sabuni na mafuta ya mawese kwa siku nyingi msituni. Mizigo ya Maniema ilikuwa imerudi karibu na wakati wa wapagazi. Mwezi Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa kwa sababu ya vita, na familia zilizozoea kupitia huko zililazimika kutafuta njia nyingine, mara nyingi ndefu zaidi na zenye mikono mingi zaidi.

Familia zilizopata kuhamishiwa nchi ya tatu kama wakimbizi zimesafiri kwa namna tofauti. Kwa miaka kadhaa Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Safari zao zilipangwa na OIM, kwa tiketi za pamoja, na wengi walitia sahihi deni la nauli la kulipa baadaye. Kila familia ilipewa mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za shirika hilo, na ndani yake karatasi zote: viza, vipimo vya afya, picha za X. Agizo lilikuwa moja: mfuko huo usiachwe, usiwekwe ndani ya sanduku, ushikwe mkononi hadi mwisho.

Agizo hilo linamfaa kila msafiri wa hapa. Vyeti vya kuzaliwa, karatasi za HCR, diploma, dawa za kila siku na picha za marehemu havina bei kwenye DTS. Sanduku likipotea, mkataba unaweza kulipa nguo na viatu. Cheti cha ubatizo kilichotolewa na parokia iliyochomwa moto hakilipiki.

Mambo ya kufanya kabla na baada

Kabla ya kulipa, msafiri amuulize wakala mambo matatu. Tiketi ni moja au mbili? Kilo au vipande vilivyoandikwa vinatumika njia nzima, kurudi pia? Etiketi ya Kindu itaandikwa herufi za kiwanja gani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya safari, maana neno la mdomo haliwezi kuonyeshwa kwa mtu wa kaunta wa Kinshasa au Addis Abeba.

Kaunta ya Kindu, asome etiketi kabla mkanda haujalichukua sanduku. Akikuta FIH wakati alitegemea BRU, aulize palepale. Apige picha ya sanduku kwa simu, likiwa wazi na likiwa limefungwa. Ndani aweke karatasi yenye jina lake na namba ya simu ya ndugu aliye mwisho wa safari.

Mzigo usipoonekana, asitoke nje ya kiwanja bila kuandikisha taarifa kwenye ofisi ya mizigo ya kampuni ya mwisho na kupewa namba ya taarifa hiyo. Kwa tiketi moja, kampuni ya mwisho haiwezi kumjibu tu kwamba kosa ni la wenzake wa Kinshasa, kwa sababu mkataba unamruhusu kudai kwake pia. Kisha aandike barua ya madai ndani ya siku zilizotajwa, na abaki na nakala.

Na akiambiwa kwamba tiketi moja haipatikani, jambo linalotokea mara nyingi kwa anayeanzia Kindu, ajue tangu nyumbani kwamba Kinshasa yeye mwenyewe ndiye atakayeunganisha safari. Aache muda wa kutosha kati ya ndege mbili, afunge mzigo kwa kipimo cha kampuni yenye kilo chache, na awe na ndugu wa kumpokea N'djili ikiwa atalala.